Pumu ya ngozi: kabla ya kuuliza mtoto kaitoa kwa nani

Katika kliniki ya ngozi, swali la kwanza mara nyingi halihusu dawa. Mama amemvua mtoto fulana, amefunua mikunjo ya viwiko iliyokwaruzika na mashavu yaliyokauka hadi kutoa magamba. Kabla daktari hajauliza lolote, bibi aliyewasindikiza ameshatoa ushahidi wake: "Daktari, kwetu haya hatuna. Huyu kayatoa kwa baba yake." Wiki inayofuata ni zamu ya shangazi wa upande wa baba, naye anaapa kwamba katika ukoo wao ngozi ni safi tangu enzi za babu. Hukumu inatafutwa kabla ya matibabu, na aghalabu mshitakiwa ni mama. Ama alikula samaki akiwa na mimba, ama ana mjomba mwenye pumu.

Leo nataka kulichukua swali la bibi kwa uzito wake, kwa kuwa si swali la kipuuzi. Wataalamu wa jeni wamelishughulikia kwa miaka mingi, na majibu yao hayampi ushindi bibi wala shangazi. Mtoto huyu hakurithi ugonjwa. Amerithi namna ya mwili kupokea wageni. Namna hiyo itageuka ugonjwa au haitageuka, hilo hutegemea wageni wenyewe ni akina nani, wanakuja kwa wingi gani, na wanaanza kuja lini.

Tuanze na jina. Kamusi huandika ukurutu, lakini mitaani tunasema pumu ya ngozi, na jina hilo la mitaani lina macho. Waliolitunga walikuwa wameona kwamba nyumba yenye mtoto anayejikuna usiku kucha mara nyingi ina mwingine anayekoroma kifua, na wa tatu anayepiga chafya kila vumbi likitimka. Mwaka 1923, madaktari wawili wa Marekani, Coca na Cooke, walitafuta neno la kuufunika undugu huo wa pumu na mafua ya mzio wakachota kwenye Kigiriki: atopi, yaani jambo lisilo la kawaida. Ukurutu wa aina hii uliingizwa chini ya neno hilo miaka ya 1930. Sisi tulilimaliza jambo hilo kwa neno tulilokuwa nalo tayari.

Kwamba kurithi kupo, hilo halina ubishi. Ushahidi bora hutoka kwa mapacha. Utafiti uliochapishwa nchini Denmark mwaka 1993 ulilinganisha mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zile zile, na mapacha wa mayai mawili, ambao wanashirikiana jeni kama ndugu wengine wowote. Pale ambapo pacha mmoja wa yai moja alikuwa na ukurutu, mwenzake naye alikuwa nao katika jozi 72 kwa kila 100. Kwa mapacha wa mayai mawili zilikuwa jozi 23 tu. Bibi ana hoja, basi. Lakini tazama tena ile 72. Watoto hao walitoka kwenye yai moja na kwa kawaida walilelewa nyumba moja, na bado katika zaidi ya robo ya jozi mmoja aliugua na mwenzake akapona. Kama jeni zingekuwa ndizo hakimu, tungepata 100.

Ukuta wa mawe na chokaa

Aliyewahi kuishi Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua ukuta wa mawe ya matumbawe ulivyo. Mawe peke yake hayazuii mvua. Kazi hiyo ni ya chokaa, na chokaa ikianza kumeng'enyuka, unyevu hupenya, chumvi hupanda, na jiwe lenyewe huanza kuliwa. Tabaka la juu la ngozi limejengwa hivyo hivyo: seli zilizokufa na kukauka ndiyo mawe, mafuta na protini ndiyo chokaa. Protini moja inayotegemewa sana humo inaitwa filagrini. Kwanza hukaza nyuzi zilizo ndani ya seli, kisha huvunjikavunjika kuwa vipande vidogo vinavyoshikilia maji na kuipa ngozi uchachu kidogo, uchachu ambao bakteria wengi wabaya hawaupendi.

Mwaka 2006 kundi la Irwin McLean katika Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, lilionyesha kwamba baadhi ya watu wana jeni ya filagrini iliyokatika katikati, kiasi kwamba haiwezi kutoa protini kamili. Karibu mtu mmoja kati ya kumi mwenye asili ya Ulaya hubeba kasoro ya namna hiyo, na hatari yake ya kupata ukurutu ni takriban mara tatu ya mwenzake. Hakuna jeni nyingine ya ukurutu yenye nguvu inayoifikia hiyo. Hata hivyo, wengi wanaoibeba hawaugui kamwe, na wagonjwa wengi hawaibebi.

Habari hiyo ilipovuka bahari kuja Afrika ikakwama. Mwaka 2011 zilichapishwa taarifa za wagonjwa wa Ethiopia: yale mabadiliko ya filagrini yaliyozoeleka Ulaya hayakuonekana kwao, na lililopatikana ni badiliko jipya moja tu. Mwaka 2014 wakafuata wagonjwa wa Kixhosa wa Afrika Kusini, na hapo ndipo jambo lilipozidi kunoga. Vile vipande vya filagrini vinavyoshika maji vilikuwa vimepungua kwenye ngozi zao, lakini jeni yenyewe haikuwa imekatika. Kwa maneno mengine, chokaa ilikuwa inaanguka ilhali aliyeipaka hakuwa na kosa.

Ni nani basi aliyekuwa akiibandua? Swali hilo linatutoa ukutani na kutupeleka kwa walinzi.

Askari asiyehitaji mafunzo

Watu wengi wakisikia kinga ya mwili hufikiria chanjo, yaani kinga inayojifunza sura ya adui na kuikumbuka kwa miaka. Hiyo ni nusu ya jeshi, tena nusu inayochelewa, kwa sababu huhitaji siku kadhaa kujipanga. Nusu ya kwanza ni kinga ya asili, ile tuliyozaliwa nayo. Haisubiri kufundishwa wala haimtambui adui kwa jina. Inachojua ni alama za jumla: ngozi ya bakteria huwa na mafuta na sukari za aina fulani, kuvu huwa na zake, virusi navyo vina zao. Ikigusa alama hiyo, hupiga kelele ndani ya dakika chache.

Namna inavyogusa ilibaki kitendawili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale alitabiri kwamba lazima kuwe na vipokezi maalumu vya alama hizo, ingawa hakuna aliyekuwa ameviona. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann mjini Strasbourg, Ufaransa, likachukua nzi wa matunda wenye hitilafu katika jeni iitwayo Toll, likakuta kwamba nzi hao hawawezi kupambana na kuvu na hufa wakiwa wamefunikwa nayo. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler akaikuta jeni ya ukoo huo kwa panya: panya wenye hitilafu nayo walikuwa hawaihisi hata kidogo endotoksini, sumu iliyomo kwenye ganda la bakteria wengi wa matumbo. Hoffmann na Beutler walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Binadamu ana vipokezi kumi vya ukoo wa Toll, na vingi viko pale pale ambapo mwili hukutana na dunia: kwenye ngozi, mapafu na matumbo.

Walinzi hawa hawaishii kupiga kelele. Wao ndio wanaoliambia jeshi la pili lielekee wapi. Likielekezwa upande mmoja, hujiandaa kupambana na bakteria na virusi. Likielekezwa upande wa pili, hujiandaa kwa minyoo na kupe: ngozi huwasha, kamasi hutoka, seli za mzio huitwa. Maagizo ya upande huo wa pili hupelekwa na kemikali ambazo wataalamu wameziita intalukini 4 na intalukini 13. Kwa mtu mwenye minyoo, hayo ni maandalizi mazuri. Kwa mtoto asiye na mnyoo wala kupe, jeshi hilo huanza kupigana na vumbi, yai na ngozi yenyewe.

Sasa rudi kwa wale Waxhosa. Imethibitika maabara kwamba seli za ngozi zikimwagiwa intalukini 4 na 13, hupunguza kutengeneza filagrini. Hupunguza pia zile peptidi ndogo za kuua vijidudu ambazo ngozi hujitengenezea kama dawa yake ya nyumbani. Mwaka 2002 watafiti wa Denver, Marekani, walilinganisha ngozi ya wagonjwa wa ukurutu na ya wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi wenye magamba. Kwa wenye soriasisi peptidi hizo zilijaa tele. Kwa wenye ukurutu zilikuwa haba. Hii ndiyo sababu mojawapo kwa nini kidonda cha soriasisi huwa hakioti usaha kirahisi, ilhali bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hupatikana kwenye vidonda vya takriban wagonjwa 70 kati ya 100 wa ukurutu. Bakteria huyo naye hutoa sumu zinazochokoza seli za mzio, seli za mzio huzidisha intalukini, na chokaa huzidi kubanduka. Mtoto hujikuna, kucha hufungua mlango mwingine, na duara linaanza upya.

Jeni zilizong'ara kisha zikafifia

Ukishaelewa duara hilo, ni rahisi kudhani kwamba tatizo zima liko kwenye jeni za walinzi. Wataalamu walidhani hivyo pia, na mwanzoni mwa karne hii waliingia kuzitafuta kwa pupa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa kipokezi cha pili cha Toll, kile kinachomhisi Staphylococcus aureus. Kuna badiliko la herufi moja katika jeni yake ambalo hubadili kiungo kimoja cha protini, katika nafasi ya 753, na kukifanya kipokezi kiwe kizito cha kusikia. Mwaka 2004 kundi moja la Ujerumani lilitangaza kwamba badiliko hilo linaonekana zaidi kwa wagonjwa wa ukurutu, hasa wale wenye hali mbaya kabisa. Hadithi ilikuwa tamu na ilikamilika: mlinzi kiziwi, bakteria ametamalaki, ngozi imeharibika. Tatizo ni kwamba wagonjwa waliopimwa hawakufika mia. Mwaka 2006 kundi jingine, nalo la Ujerumani, likapima watu wengi zaidi, kipokezi cha pili na cha nne pamoja, na uhusiano haukuonekana.

Sisemi haya ili kuwacheka. Ukipima mabadiliko mengi kwa watu wachache, bahati nasibu itakutupia moja litakaloonekana kama dhahabu. Ndiyo maana mbinu ilibadilika. Badala ya kumshuku mlinzi mmoja mmoja, wataalamu wakaanza kuipekua jenomu nzima, yaani maandishi yote ya kijenetiki ya mtu, kwa maelfu ya watu bila kuwa na mshukiwa mkononi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliunganisha wagonjwa wapatao 21,000 na watu 95,000 wasio na ugonjwa, ukafikisha maeneo 31 ya jenomu yanayohusishwa na ukurutu. Eneo la filagrini limo na ndilo lenye sauti kubwa. Yaliyobaki kwa sehemu kubwa ni jeni zinazoongoza kinga, ya kuzaliwa nayo na ya kujifunza, na kila moja huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo mno. Hakuna hata moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema ndiyo iliyomfanya mtoto huyu ajikune.

Kwa hiyo tukirudi kwa bibi na shangazi, kila upande umetoa mchango. Ni sawa na harambee: shilingi mia hapa, hamsini pale, na mwisho wa siku kapu limejaa bila kuwepo tajiri aliyelijaza.

Herufi moja, nyumba mbili

Lakini kuna jambo ambalo harambee hiyo haielezi, na kwangu ndilo kiini cha suala lote.

Kipokezi cha nne cha Toll hakiwezi kuikamata endotoksini peke yake vizuri. Kina msaidizi anayeitwa CD14, anayeishika sumu hiyo na kuikabidhi. Mbele kidogo ya jeni ya CD14 kuna nafasi moja ambapo watu hutofautiana: wengine wana herufi C, wengine T. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba herufi hiyo ina uhusiano na mzio. Zikafuata tafiti nyingi zilizogongana. Huku T ilionekana kinga, kule haikuwa na maana, na kwingine C ndiyo iliyoonekana nzuri. Kwa mazoea ya wakati ule, jeni yenye majibu yanayopingana hivyo ilipaswa kutupwa kapuni pamoja na ile ya 753.

Mjini Manchester, Uingereza, watafiti hawakuitupa. Waliingia majumbani kwa watoto waliokuwa wakiwafuatilia tangu kuzaliwa, wakakusanya vumbi na kupima endotoksini iliyomo. Matokeo yao ya mwaka 2006 yalikuwa hivi: kwa watoto wenye C mbili, kadiri vumbi lilivyokuwa na endotoksini nyingi ndivyo uwezekano wa kuwa na mzio na ukurutu ulivyopungua. Kwa watoto wenye T, vumbi hilo hilo halikuleta tofauti. Tena wale wale wa C mbili walikuwa katika hatari zaidi ya kukoroma kifua kusikotokana na mzio. Herufi moja, faida kwenye ngozi na hasara kwenye kifua, na vyote viwili hujitokeza tu kama nyumba ina vumbi la namna fulani.

Hapo ndipo migongano ile ilipoanza kueleweka. Tafiti zilizopingana hazikuwa lazima zimekosea. Huenda zilifanywa kwenye nyumba tofauti. Kuuliza kama herufi C ni nzuri au mbaya bila kutaja vumbi ni kama kuuliza kama mtumbwi ni chombo kizuri bila kusema unavuka mto au bahari.

Ushahidi mwingine ulitoka mashambani. Mradi mmoja uliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 wa vijijini katika nchi tano za Ulaya: Austria, Finland, Ufaransa, Ujerumani na Uswisi. Taarifa yake ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba watoto ambao mama zao, wakiwa wajawazito, walishughulika na wanyama wa kufugwa wa aina tatu au zaidi walipata ukurutu kwa kiwango cha chini ya nusu ya wenzao katika miaka miwili ya kwanza. Katika damu ya kitovu, watoto ambao jeni za kipokezi cha tano na cha tisa cha Toll zilikuwa zikifanya kazi kwa nguvu zaidi walikuwa na hatari ndogo. Zingatia: hapa hatuzungumzi juu ya herufi za jeni, tunazungumza juu ya jeni kuamshwa. Mtoto hajazaliwa, na walinzi wake wameshasikia habari za zizi kupitia kwa mama.

Mwaka 2016 ukaja mfano ambao huwa nausimulia kwa wanafunzi, ingawa ulihusu pumu ya kifua. Waamishi wa Indiana na Wahuteri wa South Dakota, Marekani, ni jamii mbili za wakulima wenye asili ya Ulaya ya kati, jeni zao zinakaribiana sana, vyakula vyao vinakaribiana. Waamishi hulima kwa farasi na banda la ng'ombe liko karibu na nyumba. Wahuteri hulima kwa mashine kubwa na watoto hawakai karibu na mifugo. Endotoksini katika vumbi la nyumba za Waamishi ilikuwa karibu mara saba ya ile ya Wahuteri, na viwango vya pumu kwa watoto wa shule, kwa mujibu wa tafiti za awali za jamii hizo, vilikuwa kama asilimia 5 kwa asilimia 21. Vumbi la Waamishi liliwakinga panya wa maabara. Panya walionyang'anywa nyaya zinazopeleka ujumbe wa vipokezi vya Toll hawakukingwa.

Deni la mababu

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa jeni hizi zinaleta balaa, kwa nini maumbile hayakuzifuta? Jibu ni kwamba kila moja ina historia ya kuokoa watu.

Chukua tena kipokezi cha nne. Kuna badiliko lake ambalo ni la kawaida Afrika kuliko Ulaya, na wataalamu wengine wanaona lilidumu huku kwa sababu liliwasaidia watoto kuivuka malaria. Upande wa pili wa dunia nako kuna hadithi yake. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba watu wa Ulaya na Asia hubeba, katika jeni za kipokezi cha kwanza, cha sita na cha kumi, vipande walivyorithi kutoka kwa Neanderthal, binadamu wa kale waliokutana nao baada ya kutoka Afrika. Vipande hivyo huwafanya walinzi wawe wakali zaidi kwa vijidudu. Vinahusishwa pia na mzio mwingi zaidi. Mlinzi mkali ni mali katika mtaa wa wezi. Mtaa ukitulia, anaanza kuwapiga wageni.

Hili ndilo linalonifanya nisite kila ninapoona matokeo ya Ulaya yakipachikwa moja kwa moja kwa mtoto wa Mwanza au Kisumu. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani, kwa sababu hapa ndipo binadamu alipokaa muda mrefu zaidi, lakini washiriki wengi wa zile tafiti kubwa za jenomu ni wenye asili ya Ulaya. Na kwamba mahali ni jambo la kuzingatia, takwimu zinaonyesha. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na Mkenya Joseph Odhiambo, ulihoji vijana 663,256 wa miaka 13 na 14 kutoka vituo 230 katika nchi 96, na viwango vya dalili za ukurutu vilianzia asilimia 0.2 nchini China hadi 24.6 Barranquilla, Colombia. Jeni peke yake haziwezi kuzaa pengo la namna hiyo. Mazingira peke yake nayo hayawezi, maana ndani ya kila mji kuna mtoto mmoja anayeugua na jirani yake asiyeugua. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Watu wa kulijaza pengo la tafiti za Afrika wapo. Kinachotakiwa ni kuwapa maabara na kuacha kusubiri majibu ya Dundee.

Mtoto aliye mbele yetu

Turudi kwenye kitanda cha kliniki. Elimu yote hii inamfaa nini mama aliyekaa pale?

Kwanza, inamwokoa pesa. Kipimo cha jeni kinachotangazwa mtandaoni hakitamwambia kama mtoto ataugua, kwa sababu jeni zenye nguvu kidogo kidogo hazitabiri mtoto mmoja mmoja, na zile zilizothibitishwa Ulaya huenda hazihusiki naye.

Pili, inamtahadharisha dhidi ya njia za mkato. Wazo la ukuta lilipoeleweka, wengi tuliamini kwamba kumpaka mafuta mtoto mchanga kila siku kungezuia ugonjwa usianze. Nchini Uingereza watoto 1,394 wenye historia ya mzio katika familia waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapakwa mafuta kila siku kwa mwaka mzima. Matokeo ya mwaka 2020: walipofika miaka miwili, waliopakwa asilimia 23 walikuwa na ukurutu, wasiopakwa 25. Hakuna tofauti ya maana. Mafuta hutibu ngozi iliyokwisha kukauka, lakini hayazuii mwanzo. Na habari za zizi si ruhusa ya kumlaza mtoto na mbuzi. Watoto wa Uswisi waliofaidika na vumbi la ng'ombe walikuwa na maji safi bombani na zahanati karibu. Kwetu, kinyesi cha mifugo sakafuni bado huleta kuhara, na kuhara huua.

Tatu, inaonyesha pa kulivunja duara. Mafuta ya mgando yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Dawa ya kupaka yenye steroidi, kwa nguvu na muda alioandika daktari, hutuliza zile intalukini na hivyo kuipa ngozi nafasi ya kutengeneza filagrini yake tena. Hiyo haina undugu na mkorogo unaouzwa kwa kujichubua, hata kama steroidi imo kwenye vyote viwili. Kidonda kikianza kutoa usaha, ujue Staphylococcus amefika, rudi hospitali. Tangu 2017 kuna pia sindano inayofunga mlango wa intalukini 4 na 13, dupilumabi, iliyotokana moja kwa moja na kulielewa duara hili, japo bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Nne, inamtaka mhudumu afungue macho. Vitabu vingi huandika kwamba ukurutu ni mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hugeuka kijivu, zambarau au weusi uliokolea, na mara nyingi huja kama vipele vidogo kwenye vinyweleo. Anayetafuta wekundu ataandika kuwa hali ni nafuu ilhali mtoto hajalala siku tatu.

Bibi bado anasubiri jibu lake. Mimi humwambia hivi: "Mama, kayatoa kwenu na kwao, na mengi ya hayo mliyompa ndiyo yaliyowafikisha nyinyi hapa mkiwa hai. Sasa niambie nyumba anayolala ina nini: mkaa, zulia, kuku, mwanga, watu wangapi chumbani, na anaogeshwa na sabuni gani." Hapo mara nyingi mama wa mtoto, aliyekuwa kimya muda wote kama mtu anayesomewa mashitaka, huinua uso na kuanza kueleza.